Kwa nini CD zetu zimenyamaza?

Ndugu wasikilizaji, mtu akiteremka kutoka Sumbawanga mjini, akavuka milima ya Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, akafika Ilemba wakati mpunga unapoanza kutoa masuke, ataona jambo la kuchekesha. Mashambani kumesimikwa miti, na baina ya mti na mti zimefungwa kamba zilizotundikwa visahani vinavyong'aa, vinavyozunguka kila upepo unapopiga. Visahani hivyo ni CD. Kazi yake siku hizi ni kufukuza ndege. Wenye mashamba wamenieleza kwamba ndege hushtuka kwa juma moja hivi, kisha huzoea, na mtoto wa kupiga debe hurudi kazini kama kawaida.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye shamba moja la namna hiyo nikaishika CD moja. Upande wa juu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino "Pasaka 2008", na pale kalamu ilipokandamiza, rangi ya fedha ilikuwa imebanduka. Nikaielekeza juani. Badala ya giza niliona vitundu vya mwanga visivyo na idadi, kana kwamba ninatazama jua kupitia chekeche la unga. Kijana mwenye shamba akanicheka. "Hiyo, mzee, ilikufa tangu tukiwa nayo nyumbani. Hapa imekuja kuzikwa."

Nilicheka naye, lakini kicheko changu hakikutoka moyoni. Mkobani nilikuwa nimebeba CD nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifikisha Ilemba siku ile.

Naomba nieleze habari yake. Mwaka 2006, nikiwa kijana niliyetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nilipewa kazi ya kukusanya simulizi za wazee kwa ajili ya kipindi cha redio. Hapo Ilemba nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka themanini kwa hesabu yake mwenyewe. Alizaliwa juu, Ufipa, akashuka bondeni na mama yake akiwa mtoto. Tulikaa naye mchana mzima chini ya mwembe, mimi na kinasa sauti changu cha kaseti. Alinisimulia habari za nzige wekundu, kwa maana bonde hili la Rukwa ni moja ya mazalio yao makubwa, na katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 walitapakaa kutoka mazalio yao wakafikia nchi nyingi za kusini na kati ya Afrika. Alinisimulia jinsi ziwa linavyojaa na kupungua, likameza mashamba ya watu na baadaye kuyarudisha. Na mwishoni kabisa, jua likiwa linaelekea kutua, aliniimbia nyimbo alizozisikia utotoni, ambazo mafundi wa chuma waliziimba kwenye malungu.

Kwa wasioyajua, malungu ni yale matanuri marefu ya udongo ya Wafipa, yaliyozidi kimo cha mtu, ambayo yaliyeyusha mawe ya chuma bila mtu kupuliza mivuo, hewa ikijiingiza yenyewe kupitia matundu ya chini. Ufundi huo ulififia katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, baada ya majembe ya dukani kuenea. Magofu ya malungu bado yamesimama katika sehemu kadhaa za Ufipa. Udongo mtupu huo, unanyeshewa mvua kila mwaka, na bado umesimama.

Simulizi ile ilitangazwa kwa wiki mbili mfululizo. Kisha mwaka 2007, katika kituo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo, likatoka agizo kwamba kanda zote za kaseti zihamishiwe kwenye CD, na kanda zenyewe zifutwe zitumike tena, maana bajeti ya kununua kanda mpya haikuwapo. Sikupinga. Nitakuwa mwongo nikisema nilipinga. Nilifurahi, tena niliifanya kazi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini kwamba ninamwokoa mzee kutoka kwenye kanda inayokoroma na kumweka mahali pa kudumu. Nilichoma nakala mbili. Moja ilikaa kwenye rafu Sumbawanga, ya pili nikaipeleka Ilemba kwa binti yake.

Mzee alifariki mwaka 2012. Mwaka huu binti yake, ambaye sasa naye ni bibi wa wajukuu, alinitumia ujumbe nifike. Nilipomwamkia tu akanipa CD ile ikiwa ndani ya bahasha ya kaki. "Mwanangu," akasema, "babu yako haongei tena humu ndani."

Hakuwa wa kwanza kuniuliza. Kila mahali ninapokwenda watu wananionyesha CD za harusi, za mazishi, za ubatizo, za kwaya, ambazo hazijachezwa hata mara kumi, hazina mkwaruzo, zilifungiwa sandukuni kama dhahabu, na leo deki inazitema. Wengi wanadhani wametapeliwa. Kuna ukweli hapo, ila utapeli wenyewe ulianzia mbali, hata kabla ya mtu aliyewauzia.

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha mfano wa sahani hii mbele ya waandishi wa habari mjini Eindhoven mwezi Machi 1979. Baadaye ikaungana na Sony ya Japani, wakakubaliana vipimo: upana wa milimita 120, unene wa milimita 1.2, na dakika 74 za muziki. CD za kwanza ziliingia madukani Japani mwezi Oktoba 1982, na mwaka uliofuata zikafika Ulaya na Marekani. Katika matangazo yao wauzaji walinadi sauti safi, kamilifu, tena ya milele. Neno hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Mwenye kuuza jembe hukuahidi kwamba ni gumu, hakuahidi kwamba litamzika mjukuu wako.

Kwetu sisi ahadi hiyo ilichelewa kufika, kama vitu vingi. Tulianza na santuri. Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, na hata leo ziko zinazoimba ukizipata, japo kwa kukoroma. Kisha zikaja kanda kubwa za magurudumu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baadaye Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, ikarekodi katika studio zake maelfu ya kanda: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, ngoma za mikoani, michezo ya kuigiza, hotuba za Mwalimu. Halafu ikaja kaseti, na kaseti ndiyo iliyotawala vijijini mpaka katikati ya miaka ya 2000. CD ya dukani, ile halisi iliyochapwa kiwandani, wengi wetu tuliiona kwenye studio za redio za mijini tu. Tuliyoizoea sisi ni ile ya kuchomwa kwa kompyuta: VCD za kwaya na za filamu, halafu zile zenye nyimbo mia moja au zaidi kwa sahani moja. Biashara hiyo ilikua mpaka mwaka 2013 serikali ikaanza kuweka stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu.

Nimetaja CD ya kiwandani na CD ya kuchoma kwa makusudi, ndugu wasikilizaji, maana ni vitu viwili tofauti vinavyovaa sura moja. Hapo ndipo penye jibu la swali la yule mama.

Tuanze na ile ya kiwandani. Ukiitazama unaona upande unaong'aa na upande wenye maandishi. Watu wote huuonea huruma upande unaong'aa. Huushika kwa ncha za vidole, huufuta kwa kitambaa laini, wengine huupaka dawa ya meno kusugua mikwaruzo, jambo ambalo, msicheke, mara nyingine husaidia kweli. Lakini sauti haiko upande huo. Kinachong'aa chini ni plastiki tupu, ngumu, iitwayo polikaboneti, na ndiyo karibu unene wote wa sahani. Sauti iko juu ya plastiki hiyo, chini kidogo tu ya maandishi, katika mfumo wa vishimo vidogo vilivyopangwa katika mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni kama dawa ya mbu ya kuwasha. Mstari huo ukiunyoosha unazidi kilomita 5, na mizunguko yake zaidi ya 30 inaenea katika upana wa unywele mmoja. Juu ya vishimo hupakwa utando wa alumini mwembamba usiofika sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ili urudishe mwanga wa leza kama kioo. Juu ya alumini hupakwa vanishi, na juu ya vanishi huchapwa jina la mwimbaji. Basi. Hakuna kingine kinachoilinda.

Kwa hiyo mkwaruzo wa chini si hatari kama tunavyodhani. Leza huingia kwenye plastiki ikiwa imetanuka, hukutana na yenyewe juu kwenye vishimo, na mkwaruzo mdogo wa chini huwa kwake kama uchafu kwenye kioo cha miwani. Mkwaruzo wa juu, upande wa maandishi, ndio unaoua, maana hapo kucha au kalamu yenye ncha hufika kwenye alumini moja kwa moja. Mwenzetu aliyeandika "Pasaka 2008" kwa kalamu ya wino aliichimbia kaburi Pasaka yake.

Hata bila kuguswa, alumini haitulii. Hewa na unyevu vikipenya vanishi, hasa ukingoni ambako vanishi haikuziba vizuri, alumini huliwa. Haitoi kutu nyekundu kama chuma; hugeuka kuwa kitu kinachopitisha mwanga, na pale ilipogeuka leza haioni kioo tena, inaona dirisha. Ndiyo maana nikasema mtu aielekeze juani.

Jambo hili limewahi kutokea kwa mkumbo huko huko walikotengeneza. Kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, kiitwacho PDO, kilichapa CD kati ya mwaka 1988 na 1993 ambazo baadaye ziligeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, zikaanza kukwaruza na kunyamaza. Kumbe vanishi yake ilishindwa kuzuia salfa iliyokuwa ndani ya karatasi za vijitabu vya maganda yake. Yaani sahani iliuawa na nguo yake yenyewe. Kiwanda kilikiri kosa kikawa kinawabadilishia wateja. Na mwaka 2001 Javier García-Guinea, mtaalamu wa makumbusho ya sayansi ya Madrid, Hispania, alieleza habari ya CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu huko Amerika ya Kati, ambayo ilikuwa imeingiwa na kuvu wa jamii ya Geotrichum. Kuvu huyo aliingia kwa ukingoni, akatafuna plastiki na alumini pamoja. Nasikia kisa hicho ni cha nadra. Lakini mtu aliyewahi kufungua sanduku la nguo bondeni baada ya masika hatakiona cha ajabu.

Sasa CD ya kuchoma. Hii ilianzia Japani mwaka 1988, kwenye kampuni ya Taiyo Yuden, na haina vishimo kabisa. Badala yake ina rangi, ndiyo, rangi kama ya kutia nguo, iliyotandazwa kati ya plastiki na utando wa fedha. Kompyuta inapochoma, leza yake yenye nguvu huunguza rangi hiyo doa kwa doa, na madoa hayo ndiyo hucheza nafasi ya vishimo. Kila anayefua nguo anajua rangi hufanywa nini na jua. Ile ya CD nayo hupauka kwa mwanga na kwa joto, polepole, mpaka leza ishindwe kutofautisha doa na pasipo doa. Utando wa fedha ulio juu yake nao husawijika ukipatwa na salfa, kama pete ya fedha inavyosawijika kidoleni. Sahani ya kiwandani huugua ugonjwa mmoja, hii ina miwili.

Zaidi ya hapo ni ubora. Zipo CD za kuchoma zilizotengenezwa kwa utando wa dhahabu na rangi imara, ambazo wahifadhi wa nyaraka huzitumia. Hizo hazikufika kwetu. Zilizofika ni za bei ya chini kuliko zote, za mia kwa mkupuo, zimepangwa kwenye kijiti bila maganda, zimekaa kwenye kibanda cha bati jua likipiga toka asubuhi hadi jioni. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka 2003 ulioandikwa na Fred Byers, unaosema hata ikiwa tupu, kabla haijachomwa, CD ya namna hii inakadiriwa kukaa dukani miaka 5 hadi 10 tu. Mwongozo huo huo unashauri zihifadhiwe kwenye joto la nyuzi 4 hadi 20, na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Nilipousoma nilitabasamu. Juu Ufipa, kwa baridi yetu ya mwezi wa Juni, nyuzi hizo tunazipata bila kununua mashine. Lakini Ilemba? Mwezi wa Oktoba na Novemba joto la alasiri hupita nyuzi 30, ndani ya nyumba ya bati huzidi hapo, na kisha mvua huanza.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya nakala zangu mbili. Zilichomwa siku moja, kwa kompyuta moja, kutoka katika fungu moja. Ya Ilemba, kwa maelezo ya mama, ilianza kukatakata miaka minne tu baada ya kuipokea. Ya Sumbawanga nilikwenda kuiomba mwaka huu nikaikuta ipo, na juu juu haina dosari yoyote. Tofauti yao ni mlima mmoja.

Mtu atauliza, kama CD huoza polepole, mbona hunyamaza ghafla? Kaseti ilikuwa na adabu. Ilianza kukoroma, sauti ikazama kidogo, ikawa kama mtu mwenye mafua, nawe ukapata muda wa kuinakili. CD haifanyi hivyo, na sababu yake ni ufundi wake wenyewe. Sauti kwenye CD imekatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde, kila kipande kikaandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo zikachanganywa na nyingine za ziada ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa. Pakiharibika mahali, mashine hupiga hesabu kwa kutumia jirani zake na kujaza pengo, nawe husikii kitu. Inaweza kufunika pengo la karibu milimita mbili na nusu za ule mstari. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini maana yake ni kwamba sahani inaweza kuugua miaka mitano huku inaimba kama mzima, na siku makosa yanapozidi uwezo wa kusahihisha, basi, imekwisha. Nimeona watu wakiisikiliza CD Jumapili ikiwa salama, wakarudi kuisikiliza Krismasi wakakuta haisomi, wakaanza kushukiana nani ameishika.

Kabla ya kulaumu sahani, hata hivyo, ilaumuni kwanza mashine. Vumbi la barabara ya Ilemba linaijua njia ya kuingia ndani ya deki, likakaa kwenye kijilenzi cha leza, na leza yenyewe huchoka. CD za kuchoma hurudisha mwanga pungufu kidogo kuliko za kiwandani, kwa hiyo mashine iliyochoka huzikataa hizo kwanza. Mimi ile nakala ya mama nimeijaribu kwenye mashine nne. Tatu zilikataa kabisa. Ya nne, kompyuta kuukuu ya fundi mmoja wa Sumbawanga, iliizungusha kwa dakika nzima, ikanionyesha kwamba ndani kuna kitu, halafu ikaitoa.

Tukageukia ile ya kwenye rafu. Hiyo ilisoma. Ndugu zangu, sikuwa nimeisikia sauti ile tangu mwaka 2007. Kikohozi chake, kuku wanaopita, mtoto anayelia mbali, na yeye mwenyewe akianza kwa kuniuliza kama nimekula. Dakika hamsini na mbili zilitoka safi kama maji ya chemchemi. Nzige wapo. Ziwa lipo. Dakika ya hamsini na tatu ikaanza kutatarika kama mahindi kikaangoni, na ya hamsini na saba ikasimama.

Rekodi nzima ilikuwa na dakika 76. Nyimbo za malungu zilianza baada ya saa moja.

Kwa nini imekufa mwisho na si mwanzo? Kwa sababu CD, tofauti na santuri, husomwa kutoka katikati kwenda nje. Kinachorekodiwa mwisho hukaa karibu na ukingo, na ukingo ndio mlango wa hewa, wa unyevu na wa vidole. Ningalijua, ningalichoma simulizi ile kwenye sahani mbili, nusu kila moja, nisiujaze ukingo. Gharama yake wakati ule isingefika hata bei ya soda.

Nimemsikia mwenzangu mmoja akisema kwamba yote haya ni maneno ya watu wa kale wanaokataa maendeleo. Sivyo. Kanda nazo hufa. Gundi inayoshika ule unga wa sumaku hulainika, kanda hunata, na maelfu ya kanda za Redio Tanzania zilikuwa katika hatari hiyo hiyo, kiasi kwamba kuanzia mwaka 2012 kulikuwa na watu waliochangisha fedha ili zihamishiwe kwenye kompyuta. Lakini angalieni: kanda za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa bado zinasomeka baada ya miaka arobaini. CD yangu ya mwaka 2007 haikufika ishirini. Roy Willis, Mwingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 akikusanya hadithi za Wafipa, alizitoa kitabuni mwaka 1978, na kitabu hicho ukikikuta maktaba unakifungua unasoma, hakihitaji deki. Tatizo langu si kwamba nilitumia chombo kipya. Tatizo ni kwamba nilifuta cha zamani siku hiyo hiyo, kwa sababu kipya kiliitwa cha milele.

Nimenakili zile dakika hamsini na mbili, na zile nne za kutatarika pia, nikaziweka mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo kwa ndugu yangu Mpanda, na kwenye simu ya mjukuu wa mzee. Fundi anasema atajaribu tena ukingo ule kwa kuizungusha sahani kwa mwendo wa chini kabisa, maana mashine ikienda taratibu mara nyingine huokota kilichopotea. Wenye CD zenu nyumbani zenye sauti au sura msizotaka kuzipoteza, msingoje mashine hizi ziishe madukani; kompyuta nyingi mpya tayari haziji na mahali pa kutia CD. Ninakilieni mwezi huu.

Na sasa ombi langu mwenyewe. Kipindi kile kilitangazwa mwaka 2006 kwa wiki mbili mfululizo, na nyimbo zilikuwa katika wiki ya pili. Miaka ile watu wengi walikuwa na tabia ya kubonyeza kitufe chekundu cha redio kaseti wanaposikia kitu cha kwao. Kama uko Ilemba, Mtowisa, Muze, Laela, Mpui au popote Ufipa na bonde lake, na una kaseti ya zamani yenye sauti ya mzee anayeanza kwa kuuliza mgeni kama amekula, usiifute, usiiache juani, na usiicheze tena kwenye redio inayotafuna kanda. Niletee. Mama anasubiri, na mimi pia.